Fundi wa Nyumba Janja Anahitaji Leseni Gani?

Katika maduka ya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, swichi zinazowashwa kwa simu sasa zinakaa rafu moja na swichi za kawaida. Kando yake kuna kamera za ulinzi, kufuli za mlango zinazofunguka kwa alama ya kidole, mota za geti na vifaa vya kunusa moshi. Kuvinunua hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kuvifunga ndiko kwenye maswali: fundi amesomea wapi, nani kamruhusu kufungua meni swichi ya nyumba ya watu, na nyumba ikishika moto nani atawajibika?

Soko lipo, na vijana wameliona. Nyumba mpya zinaota kila mwezi Goba, Kigamboni, Kitengela na Ruiru, na wengi wa wenye nyumba hizo wanaishi mbali: Uingereza, Marekani, Oman, Dubai. Wanataka kuona geti lao likifunguliwa wakiwa huko huko, kuwasha taa za nje jioni ili nyumba isionekane tupu, na kujua pampu imejaza simtanki au la. Anayeweza kuwafungia mifumo hiyo kwa uhakika hakosi kazi. Tatizo ni kwamba wengi wanaoingia wanaanzia kwenye programu ya simu, wakati kazi yenyewe inaanzia kwenye waya.

Anayetafuta leseni yenye jina la nyumba janja hataipata, Tanzania wala Kenya. Leseni zilipangwa kwa fani, na kazi hii imekatiza fani tatu. Swichi, soketi, hita na pampu ni umeme. Kamera, ruta na kila kifaa chenye redio ndani yake ni mawasiliano. Picha na sauti zinazokusanywa sebuleni kwa mtu ni taarifa binafsi, nazo zina sheria yake. Fundi aliyekamilisha kibali cha fani moja akadhani amemaliza, nusu ya kazi anayoifanya haina ruhusa.

Nchi nyingine zimejaribu kuchora mpaka ulio wazi. Jimbo la California, Marekani, limeuchora kwa volti. Bodi yake ya leseni za makandarasi inatoa leseni ya C-7 kwa mifumo ya umeme mdogo usiozidi volti 91, yaani nyaya za mtandao, kamera na spika. Mwombaji anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 4 katika fani hiyo, kisha afaulu mitihani miwili, mmoja wa sheria na biashara na mwingine wa ufundi. Akitaka kugusa soketi ya ukutani, hiyo ni kazi ya leseni nyingine, C-10, ya mkandarasi wa umeme. Dubai nayo ina mamlaka maalumu ya sekta ya ulinzi, SIRA, na kampuni haifungi kamera bila kibali chake. Kwetu mpaka haujachorwa kwa namba kama ule wa California, lakini mantiki yake anapaswa kuijua kila anayeanza: waya wa mtandao ukikosewa, kamera haionyeshi, waya wa volti 230 ukikosewa, mtu anaweza kufa.

Ndiyo maana leseni ya umeme inatangulia nyingine zote. Tanzania Bara, kazi ya kufunga umeme inasimamiwa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Madaraja ya leseni yanatajwa kwa herufi: A ndilo la juu, likifuatiwa na B, C na D, kisha W la mafundi wa wayaringi. Daraja ndilo linaloamua ukubwa wa kazi ambayo mtu anaruhusiwa kuifanya. Maombi yanatumwa kwa mtandao kupitia mfumo uitwao LOIS, yakiwa na vyeti vya masomo na uthibitisho wa uzoefu. Zanzibar ina mamlaka yake, ZURA.

Kenya, msimamizi ni EPRA, iliyoundwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya ERC. Huko madaraja ni A-1, A-2, B, C-1 na C-2, la mwisho likiwa la chini kabisa. Kuna jambo moja la Kenya ambalo wengi hulichanganya. Cheti cha fundi umeme ni cha mtu. Leseni ya mkandarasi wa umeme ni ya biashara. Kampuni inayotaka kuchukua kazi kwa jina lake inahitaji leseni ya ukandarasi, na ndani yake awemo fundi mwenye cheti cha daraja linalolingana na kazi. Anayetaka pia kufunga sola, ambayo siku hizi haiachani na nyumba janja, anakutana na ngazi nyingine tatu: T1 kwa mifumo midogo, T2 kwa ya kati, na T3 kwa mikubwa, ikiwemo inayounganishwa na gridi.

Kuna pengo katika utaratibu huu ambalo halizungumzwi vya kutosha. TANESCO haiungi nyumba umeme mpaka mkandarasi mwenye leseni awe amegonga muhuri kwenye fomu ya wayaringi, na Kenya Power nayo inadai cheti cha kukamilika kwa wayaringi. Ukaguzi huo unafanyika mara moja, nyumba ikiwa mpya. Vifaa janja mara nyingi huja miaka kadhaa baadaye, nyumba ikiwa tayari inaishi watu. Wakati huo hakuna anayerudi kukagua. Ulinzi pekee unaoingia na fundi mlangoni ni elimu yake na leseni yake. Kishoka, yaani fundi asiye na leseni, anayejua kuchezea simu vizuri anaweza kufanya kazi hiyo nyumba hamsini, na kosa lake likakaa ukutani bila kuonekana mpaka siku ya balaa.

Kosa lenyewe likoje? Chukua nyumba ya vyumba vitatu iliyofungwa umeme miaka 10 iliyopita. Fundi anafungua pleti ya swichi ya sebuleni na kukuta nyaya mbili tu: laivu inayoingia na waya unaokwenda kwenye taa. Nyutro haipo. Iko juu darini, imepelekwa moja kwa moja kwenye taa, kwa sababu swichi ya kawaida kazi yake ni kukata na kuunga laivu, basi. Swichi janja ya kawaida haitosheki na hizo mbili. Ndani yake kuna kompyuta ndogo na redio inayosubiri amri usiku na mchana, na lazima ipate umeme hata taa ikiwa imezimwa. Bila nyutro, haiwaki.

Hapo ndipo fundi wa kweli na kishoka wanapoachana. Kishoka anaangalia ndani ya boksi, anaona waya wa kijani na njano wa erthi umejikunja nyuma, anauchukua na kuufunga pale penye alama ya nyutro. Swichi inawaka. Taa inatii simu. Mwenye nyumba anafurahi na analipa. Lakini waya wa erthi, ambao uliwekwa usubiri hatari, sasa unabeba mkondo saa zote. Siku ukikatika kabla ya kufika ardhini, au kiungo chake kikila kutu, bodi la friji na la mashine ya kufulia lililoungwa na waya huohuo linaweza kuwa na umeme. Mtoto anayefungua friji akiwa miguu mitupu ndiye atakayegundua.

Fundi aliyesoma ana njia tatu za halali. Anaweza kuvuta waya wa nyutro kupitia bomba lililomo ukutani, ikiwa lina nafasi. Anaweza kukiweka kifaa chenyewe darini karibu na taa, au kwenye boksi la sakiti breka, ambako nyutro ipo. Au anaweza kutumia swichi zilizotengenezwa kufanya kazi bila nyutro, ambazo hupitisha mkondo mdogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa. Hizo nazo zina tabia yake: taa za LED zenye wati chache humeta gizani kama zinapumua, na dawa yake ni kapasita ndogo inayofungwa sambamba na taa. Maarifa haya hayamo kwenye kikaratasi kinachokuja na boksi. Yanafundishwa darasani na kwenye mikono ya fundi mkubwa.

Hesabu ya mzigo ni somo jingine lisiloweza kurukwa. Hita ya kuogea ya papo kwa papo yenye wati 5,500, kwenye volti 230, inavuta karibu ampea 24. Swichi janja nyingi zinazouzwa mtaani zimeandikwa ampea 10, nyingine 16. Ukiifunga hita hiyo kwenye swichi ya ampea 10, plastiki inaanza kulainika kabla mtu hajamaliza kuoga. Kinachotakiwa ni kontakta yenye uwezo, ambayo swichi janja inaiamuru tu, huku mzigo mzito ukipita kwenye kontakta. Pampu ya maji inadai uangalifu huohuo, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko ulioandikwa kwenye kibandiko chake.

Mahali pa kuyasomea haya panajulikana. Tanzania kuna VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, yenye kozi za ufungaji umeme zinazoanzia ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Kijana aliyejifunza mtaani chini ya fundi mkubwa hajafungiwa mlango: kuna utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo VETA inampima anachokijua na kumpa cheti bila kumrudisha darasani tangu mwanzo. Kenya kuna vyuo vya TVET na mitihani ya NITA ya Grade III, II na I, ambayo nayo inamfaa fundi aliyepata ujuzi kazini. Mtu mwenye stashahada au shahada ya uhandisi wa umeme anaingia kwa daraja la juu zaidi. Lakini shahada haimfundishi mtu kuvuta waya, na wahandisi wanaofanikiwa katika biashara hii ni wale waliokubali kukaa juu ya ngazi na mafundi wao.

Baada ya umeme, mtandao. Nyumba yenye vifaa 40 vinavyotegemea ruta moja ya bei rahisi iliyowekwa kona ya sebule italalamikiwa kila wiki. Fundi lazima ajue anwani za mtandao zinavyogawiwa, kwa nini kamera zitengwe na kompyuta za familia, na mawimbi yanavyozuiwa na ukuta wa tofali na nondo. Cisco Networking Academy, iliyoanza mwaka 1997, inafundishwa katika vyuo vingi vya ukanda huu na ina kozi za awali za bure mtandaoni. Kozi moja ya namna hiyo inamwokoa fundi na safari nyingi za kurudi kwa mteja.

Kisha yanakuja mafunzo ya mifumo yenyewe. Kwa nyumba kubwa, hoteli na ofisi, jina linalotajwa zaidi ni KNX, kiwango cha kimataifa ambacho shirika lake lina makao Brussels, Ubelgiji. Vifaa vya KNX huzungumza kupitia waya wake wa peke yake, wenye umeme wa moja kwa moja wa takriban volti 30, na hupangwa kwa programu iitwayo ETS. Kozi ya msingi inatolewa na vituo vilivyothibitishwa na shirika hilo, inaishia kwa mtihani wa nadharia na vitendo, na anayefaulu anatambuliwa kama KNX Partner. Faida yake kubwa ni kwamba vifaa vya kampuni tofauti vinaelewana, na intaneti ikikatika nyumba inaendelea kufanya kazi. Marekani kuna chama cha CEDIA, kilichoanzishwa mwaka 1989, chenye vyeti vya kimataifa vya mafundi wa nyaya na mifumo ya nyumbani. Kwa nyumba za kawaida, kiwango cha kukifuatilia ni Matter, kilichotolewa mwaka 2022 ili vifaa vya makampuni hasimu viweze kufanya kazi pamoja.

Lakini cheti cha kampuni au cha kiwango cha kimataifa hakimpi mtu ruhusa ya kisheria. Hili lisisitizwe, maana wapo wanaotundika ofisini cheti cha kozi ya siku chache kilichotolewa na muuza vifaa, wakadhani kinatosha kufungua meni swichi. Cheti kinathibitisha kwamba fundi anaijua bidhaa. Leseni ya EWURA au EPRA ndiyo inayomruhusu kuigusa nyumba.

Upande wa mawasiliano una mamlaka zake. Tanzania, TCRA inatoa leseni ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki, na nyingine kwa anayeviingiza nchini na kuvisambaza. Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano inawapa leseni wakandarasi wa mawasiliano pamoja na mafundi wao. Zote mbili zinataka vifaa vyenye redio viwe vimeidhinishwa kabla ya kuuzwa, na sharti hilo lina sababu yake. Vifaa vya Z-Wave, aina mojawapo ya redio za vifaa janja, vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia masafa ya megahezi 908.4. Afrika imo pamoja na Ulaya katika kanda moja ya mgawanyo wa masafa, na hapa kwetu megahezi 880 hadi 915 ni njia inayotumiwa na simu za mkononi kuzungumza na minara. Ndugu anayebeba swichi hizo kwenye begi kutoka Marekani anadhani ameleta zawadi. Kumbe amebeba kifaa kinachopiga kelele katikati ya masafa ya watu wengine. Zaidi ya hapo, umeme wa kule ni volti 120 na wa huku ni takriban 230. Fundi anapaswa kuwa na ujasiri wa kumwambia mteja kwamba kifaa alicholetewa hakifai kufungwa.

Halafu kuna faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikaunda Tume ya kuisimamia. Kenya ilitangulia mwaka 2019. Kanuni za Kenya zinawasamehe kujisajili wafanyabiashara wadogo wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini msamaha huo hauwagusi walio katika shughuli zilizoorodheshwa, na uendeshaji wa kamera za ulinzi umo katika orodha hiyo. Fundi anayehifadhi picha za wateja kwenye akaunti yake mwenyewe, au anayezitazama kutoka mbali kama sehemu ya huduma, asijione yuko nje ya sheria kwa kuwa biashara yake ni ndogo.

Kwa fundi wa kila siku, jambo zito zaidi ni nywila. Ni desturi iliyoenea, na mbaya, kwamba fundi anafungua akaunti ya mfumo kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, kisha anamwalika mwenye nyumba kama mgeni. Maana yake, miaka miwili baadaye, mtu ambaye mwenye nyumba ameshasahau hata jina lake bado anaweza kufungua geti na kutazama kamera ya korido. Akaunti ifunguliwe kwa jina la mteja, mteja mwenyewe aandike nywila mpya mbele ya fundi, na ile iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani ifutwe. Mteja akabidhiwe pia mchoro unaoonyesha kila kifaa kiko wapi na kimeungwa kwenye breka ipi. Mkandarasi anayeyafanya hayo anajijengea jina kuliko tangazo lolote.

Taratibu za biashara yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyohofia. Tanzania: jina au kampuni BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya biashara, na kwa anayeajiri, usajili wa OSHA, NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kenya: usajili kupitia eCitizen, PIN ya KRA na kibali cha kaunti. Anayetaka kazi za majengo makubwa ataongeza Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, upande wa Tanzania, au Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, upande wa Kenya, ambayo makundi yake yanaanzia NCA8 hadi NCA1.

Kwa kijana asiye na mtaji wa kuyafanya yote kwa mkupuo, mpangilio wenye akili ni kuanza chini ya mkandarasi mwenye leseni, kwa mkataba ulioandikwa. Yeye aandae mtandao, apange programu na amfundishe mteja. Mkandarasi afunge na kusaini upande wa volti 230. Huku akifanya kazi hiyo, ajisomee umeme, akusanye uthibitisho wa uzoefu wake kazi baada ya kazi, na aombe leseni ya daraja lake. Kuazima muhuri wa mwenzake si njia ya mkato. Jambo likiharibika, wote wawili wanaingia matatani, na mteja anabaki na nyumba isiyo na mtu wa kuitengeneza.

Mwenye nyumba naye ana sehemu yake. EWURA na EPRA zimeweka mitandaoni orodha za watu waliopewa leseni. Kabla ya kutoa malipo ya awali, muulize fundi namba yake, itafute kwenye orodha, na uangalie daraja lake linaruhusu kazi unayompa. Akikataa kuitoa, mwambie ahsante na utafute mwingine.